Kigugumizi cha Mtoto na Hatia ya Mzazi: Historia ya Nadharia Moja ya Neno

Miongoni mwa matatizo ya usemi yanayowapata watoto wadogo, kigugumizi kina sifa moja ya pekee: mara nyingi huja baada ya mtoto kwisha kuanza kusema vizuri. Mtoto wa miaka miwili au mitatu, aliyekuwa akiunganisha maneno yake pasipo shida, huanza kurudiarudia silabi ya kwanza, au kuivuta sauti, au kukwama kabisa, midomo ikiwa imefumba na pumzi imezuiliwa. Wataalamu wa siku hizi wanakadiria kwamba kiasi cha watoto 5 katika kila 100 hupitia hali hiyo kwa muda fulani, na kwamba walio wengi miongoni mwao hupona kadiri miaka ipitavyo. Watu wazima wanaobaki nacho ni karibu mtu 1 katika kila 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake.

Kwa kuwa jambo hili humpata mtoto aliyekwisha kusema, wazazi huitafuta sababu yake katika mambo ya jana na juzi. Huulizana kama mtoto alitishwa, kama alipigwa, kama alimwiga mwenziwe, kama alilazimishwa mno kutumia mkono wa kulia. Swali la nani aliyemkosesha mtoto ni la kale, nalo halikuulizwa na wazazi peke yao. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walilijibu kwa namna mbalimbali, kila zama kwa jibu lake. Makala haya yanaeleza habari za majibu hayo, na hasa jibu moja lililotoka katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940, lililosema kwamba kigugumizi huzaliwa na jina lake. Jibu hilo lawahusu sana wanalugha, kwa sababu lilitokana na nadharia ya lugha, lilitegemea ushahidi wa msamiati, na mzigo wake ukatwikwa wazazi, hasa akina mama.

Majina ya kasoro za usemi

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya jambo hili. Neno kigugumizi lina kitenzi chake, gugumiza, na jamaa yake ni gugumia, yaani kunywa kwa pupa hata sauti ikasikika kooni. Neno hili lafuata sauti ya jambo lenyewe, kwa kuirudia silabi moja kama mwenye kigugumizi airudiavyo. Vilevile kithembe, ambacho wengine hukiita kitembe, hubeba katika umbo lake la kwanza sauti ileile ambayo mwenye kasoro hiyo huiweka mahali pa s. Maneno haya ni ya kale katika matumizi ya watu, na kigugumizi kimo katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson iliyotolewa na Kamati ya Lugha katika mwaka wa 1939.

Sarufi ya maneno hayo yastahili kuangaliwa. Katika matumizi ya kawaida, mtu husemwa kuwa ni kiziwi, ni kipofu, ni bubu. Lakini huyu mwingine husemwa kuwa ana kigugumizi, ana kithembe. Maneno ya kwanza humtaja mtu mwenyewe. Ya pili hutaja kitu alicho nacho mtu, na ambacho mtu aweza kutokuwa nacho kesho. Tena kigugumizi si mali ya watu maalumu tu. Shahidi aliyebanwa kwa maswali, au kijana aliyefika mbele ya wakwe, husemwa kwamba alipata kigugumizi, ijapokuwa maisha yake yote amesema kwa ufasaha. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili alitajapo neno hili hamtengi mtoto na watu wengine kwa kadiri ile ambayo msamiati wa lugha nyingine humtenga.

Waswahili wamerithi pia maarifa ya Kiarabu katika jambo hili. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka wa 869, aliandika kwa kirefu juu ya kasoro za matamshi katika kitabu chake cha ufasaha kiitwacho al-Bayan wa al-Tabyin. Aliwatofautisha wanaokwama katika herufi ta na wanaokwama katika herufi fa, akaeleza pia wale wanaobadili qaf, sin, lam au ra. Humo alieleza habari za Wasil bin Ata, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka wa 748, ambaye hakuweza kuitamka ra, naye akajizoeza kuhutubu pasipo kutumia neno lolote lenye herufi hiyo. Wasomaji wa zamani waliustaajabia ustadi huo. Lakini mwenye kulea mtoto wa kigugumizi huutambua kwa namna nyingine: ndio ukwepaji wa maneno ambao watoto wengi wa namna hii hujifundisha wenyewe, wakaacha kutaja hata jina lao kwa sababu ya herufi yake ya kwanza.

Tena kipo kisa cha Nabii Musa, ambacho Waislamu na Wakristo wote wakijua, aliyemwomba Mola amfungulie fundo la ulimi, akapewa nduguye Haruni awe msemaji pamoja naye. Katika kisa hicho kasoro ya ulimi haikuwa hatia ya mtu, wala haikumzuia mwenye nayo kutumwa.

Kosa la ulimi

Zama za upasuaji za Ulaya ziliutafuta ubaya katika kiungo chenyewe. Johann Friedrich Dieffenbach, mpasuaji mashuhuri wa Berlin, alikuwa amefanikiwa katika mwaka wa 1839 kunyosha macho yenye makengeza kwa kukata msuli wa jicho. Akafikiri kwamba kigugumizi nacho ni mkazo wa misuli, na kwamba kisu kitaulegeza mkazo huo. Mwezi wa Januari 1841 alimpasua mvulana wa miaka 13, akamkata sehemu ya shina la ulimi. Dawa ya usingizi ya etha ilikuwa haijaanza kutumika hospitalini. Hiyo ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka wa 1846. Mgonjwa aliyekatwa ulimi aliyasikia yote.

Habari zikaenea upesi. Kabla mwaka huo haujaisha, wapasuaji wa Ufaransa na Uingereza walikuwa wakikata kwa njia mbalimbali, na wagonjwa wengine walikufa. Waliosema vizuri baada ya kupasuliwa walikirudia kigugumizi chao baada ya muda, na upasuaji huo ukaachwa upesi kama ulivyoanza. Jambo la kukumbukwa ni kwamba jibu la kwanza la kitabibu lilimhesabu mtoto kuwa ndiye mwenye kosa, na kosa lenyewe liko kinywani mwake. Jibu la karne iliyofuata lilikuwa kinyume chake kabisa.

Wendell Johnson na shule ya Iowa

Wendell Johnson alizaliwa mwaka wa 1906 huko Roxbury, katika jimbo la Kansas. Alikuwa na kigugumizi kizito tangu utotoni, na katika mwaka wa 1926 alihamia Chuo Kikuu cha Iowa, kwa sababu huko ndiko utafiti wa kigugumizi ulikokuwa umeanza kwa nguvu. Mkuu wa kliniki ya usemi, Lee Edward Travis, aliamini kwamba kigugumizi hutokea pande mbili za ubongo zinaposhindana, kwa mfano mtoto wa mkono wa kushoto anapolazimishwa kutumia mkono wa kulia. Johnson akafungwa mkono wa kulia, akajizoeza kuandika na kufanya kazi kwa mkono wa kushoto kwa muda mrefu. Usemi wake haukubadilika.

Katika mwaka wa 1930 Johnson alitoa kitabu juu ya maisha yake akiwa mtu mwenye kigugumizi. Alikuwa akieleza kwamba utotoni alisema vizuri, mpaka mwalimu mmoja alipowaambia wazazi wake kwamba mtoto huyu anaanza kugugumiza. Tangu hapo wazazi wakaingia wasiwasi, na wasiwasi wao ukamwingia yeye. Masimulizi hayo yalikutana baadaye na maandishi ya Alfred Korzybski, ambaye kitabu chake cha mwaka wa 1933 kilifundisha kwamba binadamu hudhurika kwa kuyachukua maneno kuwa ndiyo mambo yenyewe. Kutokana na vyanzo hivyo viwili, yaani kumbukumbu ya mtoto na falsafa ya maana, Johnson alijenga nadharia yake.

Nadharia yenyewe ni rahisi kuielezea. Watoto wote wadogo husitasita na kurudia silabi wanapojifunza kusema. Mzazi mmoja huyaona hayo kuwa mambo ya kawaida. Mwingine, aliye mkali au mwenye hofu, huyaita kigugumizi. Mtoto akisha kupewa jina hilo huanza kuuogopa usemi wake, hujikaza ili asikosee, na kule kujikaza ndiko kunakokuwa kigugumizi cha kweli. Kwa hiyo, kwa maoni ya Johnson, chanzo cha ugonjwa kimo katika sikio la mzazi, si katika kinywa cha mtoto.

Ushahidi wa msamiati

Ili kuithibitisha nadharia hii ilihitajika lugha isiyokuwa na neno la kigugumizi. Johnson aliipata, kama alivyoamini, kwa Wabannock na Washoshone, wenyeji asilia wa Idaho. Mwanafunzi wake mmoja alikwenda huko kufundisha katika miaka ya 1930, akaleta habari kwamba hakuona mtoto mwenye kigugumizi, wala hakupata neno la kukitaja. Johnson alichapa habari hizo mwaka wa 1944 katika makala ambayo anwani yake yenyewe ilitangaza kwamba watu hao hawana neno la jambo hilo. Hoja ikawa hivi: pasipo neno hapana hukumu; pasipo hukumu hapana hofu; pasipo hofu hapana kigugumizi. Mwaka wa 1947 John Snidecor naye alichapa makala ya kueleza kwa nini wenyeji hao hawagugumizi.

Hoja hiyo ilipendeza kwa sababu iliyapa maneno uwezo mkubwa. Lakini mwanalugha yeyote aliyekusanya maneno vijijini huiona mara moja hatari yake. Kukosa kupewa neno si sawa na neno kukosekana. Mgeni aulizapo kwa lugha yake juu ya kasoro za watoto wa watu, wenye watoto hao wana sababu nyingi za kunyamaza: heshima, hofu ya kumtia mtoto aibu, au kutolielewa swali. Mgeni aliyeuliza katika nyumba ya pwani kama hapa pana mtoto mwenye kasoro angeweza kujibiwa kwamba hapana, na mtoto mwenyewe yuko uani.

Majibu ya utafiti yalikuja baadaye. Mwaka wa 1953 Edwin Lemert alichapa habari za wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, ambako aliwakuta watu wenye kigugumizi, na maneno ya kukitaja yalikuwako. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 1915, Edward Sapir alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba lugha ya Nootka ina njia maalumu za kubadili maneno anapotajwa mtu mwenye kasoro ya mwili. Yaani lugha za eneo hilo hazikuwa zimefumba macho kwa kasoro za watu. Na katika mwaka wa 1983 kikundi cha watafiti, mmoja wao akiwa Sven Liljeblad, mwanalugha aliyezijua lugha za Idaho kwa miaka mingi, kilichapa makala kuhusu Wabannock na Washoshone walewale. Maneno ya kigugumizi yalikuwako, tena si moja. Na watu wenye kigugumizi walikuwako pia.

Davenport, mwaka wa 1939

Kabla makala ya Idaho hayajachapwa, nadharia ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa watoto. Mjini Davenport, Iowa, palikuwa na makao ya yatima yaliyoanzishwa awali kwa ajili ya watoto wa askari waliokufa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mwezi wa Januari 1939 Mary Tudor, mwanafunzi wa shahada ya pili chini ya uongozi wa Johnson, alichagua huko watoto 22. Kumi miongoni mwao walihesabiwa kuwa na kigugumizi; 12 walisema kama watoto wengine. Wale kumi waligawanywa mafungu mawili: watano waliambiwa kwamba usemi wao ni mzuri, na watano wakaambiwa kwamba wana kigugumizi kweli. Wale 12 nao waligawanywa sawa. Sita walisifiwa. Sita waliosalia, ambao hawakuwa na kigugumizi chochote, waliambiwa kwamba dalili za kigugumizi zimeonekana kwao, kwamba yapasa wajizuie mara moja kwa nguvu zote, na kwamba ni afadhali wasiseme kama hawawezi kusema sawasawa. Walezi wa makao nao waliambiwa hayohayo, ili wawasahihishe.

Jaribio liliendelea mpaka mwezi wa Mei. Tasnifu yenyewe yaonyesha yaliyotokea kwa wale sita. Walisema kwa uchache, walijibu kwa neno moja moja, waliona haya, na wengine walikataa kusoma kwa sauti darasani. Tudor alirudi baadaye kujaribu kuwaondolea mawazo aliyowatia. Tasnifu ikawekwa katika maktaba ya chuo, na Johnson hakuichapisha wala hakuitaja katika vitabu vyake vikubwa. Miongoni mwa wanachuo waliojua habari zake, kazi hiyo ilipewa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Utafiti wa Zimwi.

Jambo moja katika habari hii halikutiliwa mkazo wa kutosha na walioiandika. Nadharia ilihusu wazazi, yaani sikio la mama na neno la baba. Lakini ilijaribiwa kwa watoto waliokuwa mbali na wazazi wao. Mtoto aliye nyumbani, akiambiwa na mgeni kwamba usemi wake ni mbovu, ana mtu wa kumkimbilia na kumwuliza kama ni kweli. Watoto wa Davenport hawakuwa na mtu huyo, kwa sababu walezi waliokuwako walikuwa wamekwisha kuambiwa. Kwa hiyo jaribio lilionyesha wazi jambo ambalo halikutafutwa: mtoto akinyimwa mtu wa kumsikiliza kwa wema, hunyamaza. Kunyamaza huko si kigugumizi, lakini ni madhara.

Malezi ya kimya

Nadharia iliyojaribiwa kwa siri ilihubiriwa hadharani. Vitabu vya Johnson vya mwaka wa 1946, wa 1955 na wa 1959 vilisomwa sana, na kwa muda wa kizazi kizima shauri la kawaida kwa wazazi wa Marekani na nchi nyingine za Kiingereza lilikuwa moja: msilitaje neno hilo mbele ya mtoto, msimsahihishe, msionyeshe kwamba mmesikia. Johnson mwenyewe hakuwa mtu wa ukatili kwa watoto. Maandishi yake yana huruma nyingi, na sehemu moja ya shauri lake, yaani kutomkaripia mtoto anayekwama, yakubaliwa mpaka leo.

Lakini shauri la kimya lilikuwa na gharama mbili. Ya kwanza ililipwa na mtoto. Mtoto wa miaka minne ajua kwamba maneno yake yamekwama. Ajua kwamba mama amesikia. Na aona kwamba mama, ambaye hutaja goti lililochubuka na jino lililong'oka, halitaji jambo hili hata kidogo. Hapo huelewa kwamba jambo lake halisemeki. Gharama ya pili ililipwa na wazazi. Mama aliyekwenda kutafuta msaada alirudi na hukumu kwamba sikio lake ndilo lililomwumiza mwanawe. Tena hakuwa na njia ya kujitetea, kwa sababu kule kuhangaika kwake kulihesabiwa kuwa ushahidi.

Kuanguka kwa nadharia

Katika mwaka wa 2001 gazeti la San Jose Mercury News lilifichua habari za Davenport, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Iowa kikaomba radhi hadharani. Kesi ikafunguliwa, na mwezi wa Agosti 2007 Jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000 kwa upande wa walalamikaji sita, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kufariki na kuwakilishwa na warithi wao.

Mwaka wa 2002 Nicoline Ambrose na Ehud Yairi waliichambua upya tasnifu ya Tudor, tarakimu kwa tarakimu. Waliona kwamba wale watoto sita walioitwa wenye kigugumizi hawakuwa na kigugumizi jaribio lilipokwisha. Walikuwa wameumizwa, lakini jina halikuwa limezaa ugonjwa. Hivyo jaribio ambalo lingaliweza kuithibitisha nadharia lilikuwa limeikanusha tangu mwaka wa 1939, na karatasi zake zilikuwa katika maktaba ya chuo kilekile kilichoifundisha.

Wakati huohuo chanzo kilitafutwa mahali pengine. Kwa kuwa kigugumizi hutembea katika koo, Dennis Drayna na wenzake walichunguza familia za Pakistan na za nchi nyingine, na mwaka wa 2010 walitangaza jeni tatu ambazo hitilafu zake zahusiana na kigugumizi. Mwaka wa 2015 jeni ya nne ilitangazwa, kutokana na uchunguzi wa ukoo mkubwa wa Kameruni. Jeni hizo zaeleza sehemu tu ya jambo, na si kila aliyerithi hitilafu hizo hugugumiza. Lakini zatosha kuonyesha kwamba chanzo hakikuwa neno la mzazi. Ukoo wa Kameruni haukukipata kigugumizi chake kwa akina mama wakali wa Iowa.

Mzazi arudishwa mahali pake

Mtu angedhani kwamba mzazi akisha kuondolewa hatia ataondolewa pia kazi. Mambo hayakwenda hivyo. Kuanzia miaka ya 1980 Mark Onslow na wenzake mjini Sydney, Australia, walitengeneza mpango wa tiba kwa watoto wasiofikia umri wa shule, ukaitwa kwa jina la mtaa wa Lidcombe. Katika mpango huu mtoa tiba ni mzazi mwenyewe, akifundishwa na mtaalamu kila wiki. Kila siku hukaa na mtoto kwa muda mfupi katika mazungumzo au mchezo. Maneno yakitoka laini, humsifu. Yakikwama, mara chache na kwa upole, hulitaja jambo hilo au humwomba mtoto alirudie neno. Yaani mzazi hufanya hasa lile ambalo Johnson alilikataza: husikia, na huonyesha kwamba amesikia.

Kama nadharia ya jina ingekuwa kweli, watoto hao wangezidiwa. Mwaka wa 2005 matokeo ya jaribio lililofanywa New Zealand kwa watoto 54 yalichapwa. Baada ya miezi tisa, watoto waliotibiwa kwa njia hiyo walikuwa wakikwama, kwa wastani, katika silabi 1.5 kwa kila 100, na wale ambao hawakupewa tiba hiyo katika silabi 3.9. Wengi hupona wenyewe, kama ilivyokwisha kuelezwa, na ndiyo sababu kundi la pili lilihitajika ili kulinganisha. Hata hivyo tofauti ilionekana wazi.

Haifai lakini kudhani kwamba kulitaja jambo ndiyo dawa peke yake. Mwaka wa 2015 watafiti wa Uholanzi walichapa jaribio lililowahusu watoto 199, wakilinganisha njia ya Lidcombe na njia nyingine ambayo hulitaja jambo kwa uchache na hushughulika zaidi na kupunguza haraka na mashindano katika mazungumzo ya nyumbani. Baada ya miezi 18 njia hizo mbili hazikuonyesha tofauti ya maana. Katika zote mbili yupo mzazi aliyefundishwa, apataye muda wa kukaa na mtoto mmoja na kumsikiliza mpaka amalize.

Kwa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wataalamu wa tiba ya usemi wamekuwa wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya fani hiyo katika mwaka wa 2008. Mahali ambapo mtaalamu hayuko karibu, malezi ya nyumbani ndiyo tiba ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya pekee. Na wanaolea si mama na baba tu, bali ni bibi, shangazi, ndugu wakubwa na mwalimu wa chuo anayemsomesha mtoto kwa sauti. Hao wote huhitaji kuambiwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba hawakukileta kigugumizi, na kwamba namna wanavyosikiliza ina maana kubwa.

Hitimisho

Historia hii yaonyesha makosa matatu yaliyofuatana. Katika mwaka wa 1841 kosa liliwekwa ulimini mwa mtoto, likakatwa kwa kisu. Katika mwaka wa 1939 liliwekwa katika neno la mlezi, na neno hilo likajaribiwa kwa watoto wasiokuwa na wa kuwatetea. Baada ya hapo likawekwa juu ya wazazi wote, nao wakafundishwa kunyamaza. Katika kila hatua nia ilikuwa kuponya.

Kwa wanalugha lipo fundisho la ziada. Nadharia ya Johnson ilitoka katika wazo linalopendwa na wengi katika fani hii, kwamba lugha huumba mambo inayoyataja. Wazo hilo lina ukweli wake, lakini lina mpaka. Neno kali laweza kumnyamazisha mtoto, kama ilivyotokea Davenport. Haliwezi kumtia hitilafu asiyozaliwa nayo. Vilevile neno jema halimwondolei mtoto hitilafu hiyo peke yake, lakini laweza kumwondolea upweke.

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mara nyingi methali hiyo hutumiwa kumhukumu mzazi, kana kwamba kila kasoro ya mtoto ni matunda ya malezi. Maneno yake yenyewe hayasemi hivyo. Yasema juu ya kulea na kukua; juu ya kuumbwa hayasemi neno. Mtoto mwenye kigugumizi huletwa nyumbani pamoja na fundo lake. Watu wa nyumba hiyo hawakulifunga, na pengine hawatalifungua lote; lililo mikononi mwao ni kumngoja amalize sentensi yake.